Koleti: Jinsi Chuma Kinavyoishika Biti ya Ruta

Mashine ya CNC ya kuchonga mbao ni ruta inayoongozwa na kompyuta. Ina mota ndefu yenye umbo la bomba, iitwayo spindeli, na kazi yake ni kuzungusha. Ina biti, yaani kisu kidogo chenye meno, na kazi yake ni kukata. Kati ya hivi viwili lazima kiwepo kitu kinachoishika biti ili izunguke pamoja na mota, nacho ndicho koleti. Ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya mashine. Lakini mashine yoyote, hata iwe ya thamani namna gani, haiwezi kukata vizuri ikiwa kinachoshika kisu chake kinayumba.

Chukua koleti mkononi uitazame. Kwa nje ina umbo la koni: nyuma ni nyembamba, mbele ni nene. Katikati pana tundu lililonyooka, ambamo mkia wa biti huingia. Mwili wake umepasuliwa kwa mifereji myembamba, mmoja ukianzia mbele, unaofuata ukianzia nyuma, na kuendelea hivyo kwa zamu hadi kuuzunguka wote. Mpangilio huo una sababu yake. Kama mifereji yote ingeanzia upande mmoja, koleti ingefunga upande huo tu, kama vidole vya mkono. Ikianzia pande zote mbili, tundu linabana sawasawa kuanzia mdomoni hadi nyuma. Chuma chenyewe ni cha springi, kilichopitishwa motoni kikawa kigumu, ili kiweze kubanwa na kurudia umbo lake mara nyingi bila kuchoka upesi.

Sasa tuangalie kinachoibana. Ndani ya mdomo wa spindeli mna koni nyingine, iliyo wazi, inayolingana na koni ya koleti. Nati inayofungwa kwenye mdomo huo inapokazwa huisukuma koleti ndani ya koni hiyo, na kwa kuwa njia inazidi kuwa nyembamba, koleti haina budi kujikunyata na kuubana mkia wa biti. Kanuni ni ile ile ya kabari ambayo kila seremala anaijua: msukumo wa mbele hugeuzwa kuwa mbano wa pembeni.

Koleti nyingi za mashine hizi ni za mfumo uitwao ER, uliotoka kwa kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1972, na leo vipimo vyake vimewekwa katika viwango vya DIN 6499 na ISO 15488. Kila upande wa koni yake umeinama kwa nyuzi 8. Kutokana na nyuzi hizo tunaweza kukokotoa jambo la maana. Koleti ikiingia ndani milimita 1, kila upande unasogea katikati kwa takriban milimita 0.14, hivyo kipenyo cha tundu kinapungua kwa 0.28. Nati ya ER20 kwa kawaida ina hesi ya milimita 1.5, maana yake kila mzunguko mzima wa nati huisogeza koleti milimita 1.5 na kupunguza tundu kwa takriban 0.42. Basi biti inayotoshea vizuri hubanwa kwa mzunguko mmoja hivi, au pungufu yake. Ukijikuta unazungusha nati mara mbili au zaidi baada ya koleti kuanza kugusa, simama. Mkia huo si saizi ya koleti hiyo.

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, hasa katika karakana zenye biti za milimita na za inchi katika kopo moja. Mkia wa robo inchi una milimita 6.35. Mkia wa milimita 6 ukiwekwa kando yake, jicho halioni tofauti. Kulazimisha wa robo inchi ndani ya koleti ya 6 ni kuiharibu koleti. Kuweka wa 6 ndani ya koleti ya 6.35 kunawezekana katika ER, kwa kuwa koleti nyingi za mfumo huu zinaruhusiwa kubana hadi milimita 1 chini ya saizi yake, ndiyo maana utaona zimeandikwa 7-6 au 6-5. Lakini kuruhusiwa si kufaa. Tundu lililochongwa kwa kipenyo kimoja likikunjwa hadi kipenyo kingine, mviringo wake haulingani tena na mviringo wa mkia, na chuma hugusana kwa mistari michache badala ya uso mzima. Katika ruta ndogo za mkononi, ambazo koleti zake zina mifereji michache na hazikutengenezwa kwa kubana sana, jambo hilo ni la hatari kabisa. Kwa maoni yangu, fundi anunue koleti ya saizi kamili kwa kila mkia anaoutumia, yaani 3.175, 6, 6.35, na 8 au 12 akizihitaji, kabla ya kununua seti kubwa ambayo nusu yake haitaguswa. Na apime kila mkia kwa kalipa.

Namba inayofuata herufi ER inaeleza ukubwa wa koleti yenyewe. ER11 hushika hadi milimita 7, ER16 hadi 10, ER20 hadi 13, ER25 hadi 16. Spindeli ndiyo inayoamua, kwani kila moja ina koni ya ukubwa mmoja tu. Zile za kilowati 2.2, zilizo nyingi katika karakana ndogo, mara nyingi ni za ER20.

Tufike kwenye neno myumbo. Biti ikizunguka, mhimili wake unatakiwa uwe mmoja na mhimili wa spindeli. Ukiwa kando kidogo, ncha ya biti inachora duara badala ya kutulia mahali pamoja. Tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini inayosomwa na saa ya kupimia, iliyoegemezwa kwenye mkia unaozungushwa polepole kwa mkono, ndiyo myumbo. Koleti ya kawaida iliyo nzuri huwa na myumbo wa milimita 0.01 hadi 0.02. Za usahihi wa juu hushuka hadi 0.005.

Je, sehemu mbili kwa mia za milimita zina uzito gani kwenye mbao? Tuhesabu. Spindeli inazunguka mara 18,000 kwa dakika, biti ina meno mawili, na mashine inasogea milimita 3,600 kwa dakika. Kwa dakika hiyo meno yanapita mara 36,000, kwa hiyo kila jino linakata unene wa 0.1. Kukiwa na myumbo wa 0.02, jino moja linakata 0.12 na la pili 0.08. Mbao haitalalamika. Myumbo ukifika 0.1, jino moja linakata 0.2 na la pili halikati kitu, linasugua tu. Msuguo huleta joto, na joto huacha ule mstari mweusi kwenye ukingo wa mninga. Sasa chukua biti ya milimita 1 ya kuchonga nakshi, ambayo kila jino linapaswa kukata 0.02. Hapo myumbo wa 0.02 tu unatosha kulitwika jino moja kazi yote, na biti inakatika. Kadiri biti inavyokuwa nyembamba, ndivyo koleti bora inavyolipa gharama yake.

Myumbo hauletwi na kiwanda peke yake. Mara nyingi unaletwa na uchafu. Vumbi la ubao wa MDF ni laini kama unga, na utomvu wa miti kama mninga huganda juu ya chuma kama gundi. Chembe moja ikinaswa kati ya koni mbili huilaza koleti upande, na kosa hilo huongezeka kadiri biti inavyochomoza. Kwa hiyo kila unapobadilisha biti, toa koleti, isugue kwa brashi ya nailoni, pitisha kitambaa kisichoacha nyuzi ndani ya koni ya spindeli, na ufute mkia wa biti hadi ukauke. Usipake mafuta kwenye mkia, maana msuguano ndio unaoishika biti.

Namna ya kufunga ina utaratibu wake. Kata umeme kwanza. Ndani ya nati ya ER mna pete iliyo kando kidogo ya kitovu, na koleti ina mfereji unaoizunguka kwa mbele. Inamishe koleti, ingiza mfereji kwenye pete, kisha isukume hadi uisikie ikilia "ta". Ndipo uifunge kwenye spindeli. Koni ya nyuzi 8 hujing'ang'aniza ndani ya koni nyingine hata nati ikilegezwa, na pete hiyo ndiyo inayoivuta itoke. Anayeiweka koleti peke yake ndani ya spindeli na kufuatisha nati juu yake ataibana ikiwa upande, kisha atashindwa kuitoa.

Ingiza mkia ujaze tundu lote la koleti, au angalau theluthi mbili, lakini mifereji ya makali ibaki nje. Mkia ulioingizwa kidogo huacha nyuma ya koleti ikiwa tupu, nyuma hiyo inajikunja, na mdomo unapanuka kama kengele. Kaza kwa spana mbili, moja kwenye spindeli na moja kwenye nati, bila kuongeza bomba kwenye mpini. Na usikaze kamwe koleti tupu.

Biti ikilegea, dalili hutegemea umbo lake. Biti inayopandisha maranda juu hujivuta yenyewe chini, hivyo mfereji unaochongwa kwenye mbao unazidi kuwa wa kina kadiri kazi inavyoendelea. Fundi huilaumu programu, huku biti imeshuka milimita mbili. Toa biti uuangalie mkia wake. Pete za kahawia au mikwaruzo iliyozunguka ni alama za chuma kilichoteleza. Ukiziona tena kwenye mkia mpya, ulio safi na wa saizi yake, koleti imechakaa. Mashine inayofanya kazi kutwa huzimaliza koleti ndani ya miezi michache, na hakuna namna ya kuzitengeneza. Iliyochakaa iondolewe mezani, isirudishwe kwenye kopo pamoja na nzima.