Kabla ya Kuomba Kura, Shika Daftari

Vijana wengi wa wadi ya Mji wa Kale/Makadara, Mombasa, wanaotamani uongozi husubiri mwaka wa uchaguzi, wakabandika picha zao ukutani, ndipo wakaanza kujifunza kusimama mbele za watu. Hapo wamechelewa. Uongozi hujifunzwa kwa kazi ndogo ambayo kesho yake jirani atakuuliza imefika wapi. Na mitaa hii, ambamo watu husali pamoja na kuzikana, haina upungufu wa kazi hizo: mtaro ulioziba, futari ya Ramadhani, timu ya mpira, chama cha akiba, mchango wa matanga.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiombe uenyekiti. Omba kuwa mweka hazina, na ukikosa, katibu. Mwenyekiti mwenye ulimi mzuri anaweza kupita mwaka mzima bila kujulikana kama anafaa. Mweka hazina hujulikana mwezi wa kwanza. Mchango ukija, uandike papo hapo, aliyeutoa akiona. Pesa zikipitia M-Pesa, mtu wa pili awe anaona taarifa ya laini hiyo. Kila kikao kianze kwa kusoma hesabu kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Zikipungua, hata shilingi mia mbili, sema siku hiyo hiyo, kabla hujaulizwa. Atakayezoea kusema "zimepungua, na sababu ni hii" mbele ya watu ishirini wanaomjua tangu utotoni, hatababaika siku atakapotakiwa kueleza fedha za umma.

Katibu naye hana haja ya kuandika kila neno. Aandike mambo matatu: limeamuliwa nini, nani atalifanya, na lini. Kikao kinachofuata kianzie hapo. Jina la mtu likisomwa mbele ya wenzake, kazi hufanyika.

Ikifika zamu yako ya kuendesha kikao, jizuie kusema wa kwanza. Taja saa ya kumaliza, mathalani kabla ya adhana ya Magharibi, na uitimize. Muulize aliyenyamaza. Kina mama wakiwa wameketi nyuma, waulize mapema, si baada ya wanaume kuafikiana. Wawili wakibishana, eleza hoja ya kila mmoja mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema, kisha utafute njia. Kazi hii ni ngumu kuliko hotuba, na haipatikani ila kwa kuirudia.

Mombasa imewahi kuuona uongozi wa namna hii kwa ukubwa wake. Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi zaidi ya 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumbani waligoma kudai mishahara. Kwa muda wa siku kumi na mbili hivi walikuwa wakikusanyika Majengo, kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakiarifiana na kushauriana. Humo ndimo kilimokulia chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa rais wake. Agosti mwaka huo serikali ya kikoloni ilimkamata, ikampeleka kizuizini Kabarnet. Kinachonigusa katika habari ile ni kwamba viongozi wa mgomo walikuwa wakikabili umati ule ule, siku baada ya siku, bila pa kujificha.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye, wa Mombasa hii hii, alipita njia ya kalamu. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, akizungumzia elimu na hali ya Waislamu wa pwani. Ukadhi Mkuu wa Kenya aliupata mwaka 1937, akiwa tayari amezoea kutoa rai hadharani na kupingwa.

Ukishaizoea kazi ya mtaani, nenda nje ya mtaa. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti kufanya vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa yawe yamefika katika bunge hilo ifikapo tarehe 30 Aprili, kwa hiyo miezi ya kabla na baada ya hapo ndiyo ya kuhudhuria mikutano ya maoni. Usiende na malalamiko kumi. Nenda na jambo moja, kama taa za kichochoro fulani, ujizoeze nyumbani kulieleza kwa dakika mbili. Halafu andika barua ofisi inayohusika kuuliza fedha zilizotengwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na jibu, hata likiwa baya, lisome mbele ya waliokutuma.

Kikundi chenu kikifikisha watu kumi, kisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba na kumbukumbu za kikao. Katika katiba hiyo wekeni ukomo wa muda wa kila cheo. Mwaka mmoja unatosha, na miezi miwili ya mwisho mrithi wako aandike hesabu mwenyewe, wewe ukiwa umekaa kando yake.