Baridi na Injini

Shieywe haina theluji. Lakini dereva atokaye huko na shehena kwenda Nakuru kwa njia ya Eldoret hana budi kupita Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,700, na akilala njiani huenda alfajiri injini ikakataa kuwaka. Mafuta ya injini yamekuwa mazito kama uji uliopoa, na betri nayo imepungukiwa nguvu saa ile ile inapohitajiwa zaidi. Basi asiishikilie swichi mpaka betri ife: ajaribu kwa sekunde chache, apumzike kidogo, ndipo ajaribu tena. Kukoka moto chini ya injini, kama wengine wafanyavyo, ni kuhatarisha gari, shehena na utingo alalaye ndani.

Katika nchi za barafu shida ni kubwa zaidi. Maji yagandapo hutanuka, yakapasua chuma cha injini. Kwa hiyo hutiwa dawa ya kuzuia kuganda. Dizeli hutoa nta, ikaziba chujio. Hata hivyo, tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini kwa matrekta ya Ferguson, jina wanalolijua sana wakulima wa Kenya, ila hayo yalivikwa mikanda ya kukanyagia theluji.