Jiko Libaki Nje: Kufanya Kazi Salama Msimu wa Kipupwe Singida

Singida haina theluji, na hiyo ndiyo sababu baridi yake hudharauliwa. Mji wenyewe uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyanda kavu zilizo wazi. Kuanzia Juni hadi Agosti, miezi ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiita msimu wa kipupwe, upepo wa mashariki na kusini-mashariki huvuma bila kizuizi. Usiku joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Aliyelala ndani na blanketi lake hatajali. Mlinzi aliyeketi kwenye baraza ya saruji tangu jioni hadi asubuhi ataisikia baridi hiyo mifupani, kwa sababu upepo humpokonya kila dakika joto ambalo mwili wake umelitengeneza.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo: walinzi, madereva wa malori, bodaboda, wakulima wa vitunguu, wavuvi, na wanaowaajiri. Tumeanza na jiko la mkaa, maana dawa ambayo watu huitafuta dhidi ya baridi inaweza kuua haraka kuliko baridi yenyewe.

Mkaa usiotoa moshi

Mlinzi huwasha jiko nje, hungoja moshi uishe, kisha hulibeba hadi ndani ya kibanda na kufunga mlango. Anaamini kuwa moshi ndio wenye madhara, na kwamba mkaa ulioshika vizuri ni salama. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na haikuwashi macho wala koo. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hushindwa kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Mtu husikia usingizi mzito, akadhani ni uchovu wa zamu.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Wengi husema ni malaria. Lakini ukiona watu wawili waliokaa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiria jiko kwanza.

Beseni la maji pembeni ya jiko halisaidii, kwani maji hayainyonyi hewa hiyo. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea, hasa chumba kikiwa kidogo. Dereva anayelala kwenye kichwa cha lori akiwa na jiko miguuni, au akiacha injini inaunguruma huku vioo vimefungwa, yumo kwenye hatari hiyohiyo. Jenereta nayo ikae mbali na milango na madirisha.

Ukimkuta mwenzako amelala na haamki, fungua mlango na madirisha kabla ya kumshika, kisha mvute haraka hadi kwenye hewa safi. Usikawie mle ndani, usije ukaanguka juu yake. Kama hapumui na umefundishwa huduma ya kwanza, anza kumsaidia kupumua na kumkandamiza kifua huku wengine wakitafuta usafiri. Usimpe maziwa. Sumu hii ameivuta, hakuinywa, na anayezinduka nusunusu anaweza kupaliwa. Mpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema yuko sawa, na umwambie mganga waziwazi kwamba palikuwa na jiko. Anahitaji oksijeni, na neno “jiko” peke yake huokoa muda mwingi wa kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kuna jambo gumu hapa. Walinzi wengi ni wazee, na msimamizi mara nyingi ni kijana. Kijana anaona haya kumwamuru mtu wa umri wa baba yake. Basi asimwamuru. Asalimie, “Shikamoo mzee,” kisha aseme, “Naomba nikusaidie kulitoa jiko nje, na kabuti lako jipya hili hapa.” Akienda na kabuti mkononi atasikilizwa. Akienda mikono mitupu anamwomba mzee akubali kupigwa na baridi.

Joto lisilo na sumu

Nguo mbili au tatu nyepesi zilizovaliwa pamoja hushinda sweta moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa kati yake hubaki na joto. Ya juu kabisa iwe ya kuzuia upepo. Ongeza mzula, soksi kavu na viatu vya kufunika, wala si ndala. Weka ubao au boksi lililokunjuliwa chini ya miguu, maana saruji hunyonya joto usiku kucha. Chupa yenye maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, inaweza kukaa mapajani kwa saa kadhaa. Mlango wa kibanda kipya uelekezwe magharibi, upepo upigwe na ukuta.

Pombe huongopa. Hufungua mishipa ya ngozi, ukajisikia moto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka. Uji wa mtama au ulezi, au chai yenye sukari, vinafaa zaidi.

Moto wa kuni nje unaruhusiwa, ila kipupwe ni msimu mkavu. Usafishe nyasi kuuzunguka, uwe mbali na magunia, na uufukie kwa mchanga unapoondoka. Moto ukitoroka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Shambani, ziwani, barabarani

Nguo iliyolowa hupoza mwili haraka kuliko hewa baridi. Anayemwagilia vitunguu aanze jua likishachomoza kama ratiba ya maji inaruhusu, avae mabuti, na awe na nguo kavu za kubadilisha. Mvuvi wa Ziwa Kitangiri naye azifunge nguo zake kavu kwenye mfuko wa plastiki, na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Mtu anayetetemeka sana, anayetamka maneno kwa shida na kudondosha vitu, mwondoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike mpaka kichwani, na mpe kinywaji cha moto ikiwa anameza vizuri. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi na anasinzia, hali imezidi. Awahishwe hospitali.

Kwa bodaboda hatari iko vidoleni. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kwenye breki. Vaa glavu, simama upashe mikono joto, punguza mwendo alfajiri. Abiria akijifunika kanga au shuka, hakikisha ncha zake hazifiki kwenye mnyororo wala gurudumu.

Kwa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inakutaka umlinde mfanyakazi dhidi ya madhara ya kazi yake. Kabuti na glavu kwa mlinzi wa usiku tunavihesabu humo, kama kofia ngumu kwa fundi ujenzi. Ajali ikitokea, toa taarifa mapema kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Zaidi ya hapo, panga simu mbili kila usiku: moja saa tisa, nyingine saa kumi na moja alfajiri, wakati baridi imekaza na kishawishi cha kuingiza jiko ni kikubwa. Mpigaji ajulikane kwa jina. Mlinzi asipopokea, apigiwe tena hapohapo; akikosa na mara ya pili, mtu aende mara moja, asingoje kupambazuke, na akifika afungue mlango wote kwanza.