Kuhamisha Faili za Msaada: Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanajadili kazi ambayo aghalabu huachiwa wataalamu wa tarakilishi peke yao, yaani kuhamisha faili za msaada wa programu kutoka umbizo lililopitwa na wakati hadi umbizo linalotumika. Tunadai kuwa pale msaada huo unapokuwa wa Kiswahili, kazi hii ni ya mwanaisimu pia.

Usuli

Kwa miaka mingi msaada wa programu za Windows ulihifadhiwa katika faili za HLP, zilizoanza na Windows 3.0 mwaka 1990. Mwandishi aliandaa matini katika hati za RTF, na ndani ya tanbihi akaweka kitambulisho cha kila mada pamoja na maneno ya faharasa. Mwaka 1997 Microsoft ilileta umbizo la CHM, ambalo hukusanya kurasa za HTML. Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, programu ya kusomea HLP haikujumuishwa. Ilipotoka Windows 10 mwaka 2015, haikuandaliwa hata nakala ya kupakua. Kwa hivyo, faili ingalipo, ila chombo cha kuisomea ndicho kilichoondolewa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa kituo cha kununulia majani chai, tuseme kati ya Litein na Kapkatet, ameingiza nambari isiyo ya mkulima aliyeko mbele ya mizani. Lori linasubiri. Akikosa maelezo ya kusahihisha kosa hilo, kilo za mama huyu zitahesabiwa kuwa za jirani yake, na mwisho wa mwezi malipo yatazua ugomvi. Faili ya msaada ilitungwa kwa ajili ya saa kama hiyo.

Hatua tatu za uhamishaji

Kwanza, matini iokolewe. Hati za RTF zikipatikana, zitumiwe hizo. Zisipopatikana, faili ya HLP ifumuliwe kwa programu maalumu.

Pili, herufi zikaguliwe. Kiswahili hakina herufi nyingi za kutatiza, lakini kina ng'. Kibainishi chake kilichopinda huhifadhiwa kwa namna moja katika usimbaji wa zamani wa Windows na kwa namna nyingine katika UTF-8. Usimbaji ukichanganywa, kibainishi hugeuka alama isiyoeleweka au hupotea kabisa. Hapo maelezo ya "kung'oa" hubaki "kungoa", ilhali ngoa ni wivu. Kikagua tahajia kinaweza kupitisha kosa hilo. Msomaji wa Kiswahili hatalipitisha.

Tatu, na hii ndiyo hatua nzito, faharasa ipangwe upya. Kiingereza hubadilisha zaidi mwisho wa neno, hivyo maneno ya shina moja hukaa pamoja katika orodha ya kialfabeti. Kiswahili hubadilisha mwanzo pia. "Kupima" litaangukia K, "upimaji" U na "vipimo" V. Tena vitenzi vyote vikiandikwa kwa ku-, herufi K hufurika na haimsaidii mtu. Wanaleksikografia walikwisha kulitatua tatizo hili: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) huorodhesha vitenzi bila ku-. Faharasa ya msaada ifuate njia hiyo, kisha iongeze vielekezi kutoka visawe. Karani anayetafuta "rekebisha" au "kosa" afikishwe penye "sahihisha".

Hitimisho

Mkulima wa Kericho na Bomet hupogoa michai kila baada ya miaka michache. Matawi huondoka, shina hubaki likachipua. Katika msaada wa programu, shina ni matini na istilahi zake, nalo umbizo ni tawi. Matini ihifadhiwe daima katika hati sahili, kando ya umbizo la wakati huo, pamoja na orodha ya istilahi zilizotumika.

Zoezi

Chagua ukurasa mmoja wa msaada wa programu uitumiayo. Utafsiri, uuandalie faharasa ya maneno kumi kwa mashina, kisha mpe mtu asiyeijua programu hiyo alitafute jibu. Neno la kwanza atakalotafuta, kama halimo katika faharasa yako, liongeze.