Mikrobe inayolala ndani ya tumbo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo tuzungumze juu ya kidonda cha tumbo. Anayekiugua anakijua: ni moto unaowaka chini ya kifua, unaomwamsha usiku, pengine unatulia akila, kisha unarudi. Zamani watu walisema kinaletwa na pilipili, mawazo mengi au kazi ya usiku. Hata waganga walifundishwa hivyo. Mambo hayo yanaweza kuchokoza maumivu, lakini mara nyingi mwenye kosa ni mwingine.

Waganga wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waliona mikrobe katika matumbo ya wagonjwa wao. Walipojaribu kuikuza haikuota, na sahani zilitupwa baada ya siku mbili. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1982 sahani ziliachwa siku tano, maana watu walikuwa katika sikukuu. Waliporudi, mikrobe imeota! Ilihitaji muda tu. Mwaka 1984 Marshall aliinywa yeye mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel.

Mikrobe hiyo inaitwa Helicobacter pylori. Imejipinda kama skrubu, na ina mikia ya kuogelea. Wenzetu wa kiwanda cha shaba wanajua asidi ni kitu gani. Tumbo nalo lina asidi yake, kali sana. Mikrobe hii hutengeneza amonia, ikaizunguka na kuizimia asidi ile. Watu wengi wanaishi nayo bila kuugua. Kwa wengine inachoma ngozi ya ndani ya tumbo mpaka inafanya kidonda.

Sasa sikiliza vizuri. Chakula kikiikosa, au dawa ikiipiga bila kuimaliza, mikrobe nyingine hubadilika umbo. Zinajikunja, zinakuwa duara kama punje ndogo. Hazizai, na hata katika laboratwari hazioti, lakini si zote zimekufa. Dawa kama amoksisilini huiua mikrobe wakati inapojenga ukuta wa mwili wake ili izae; ile iliyolala inapitwa. Wataalamu wangali wanabishana: wengine wanasema punje nyingi ni maiti tu, wengine wanaona ndizo sababu moja ya ugonjwa kurudi. Jambo ambalo hawabishani ni kwamba dawa iliyokatwa katikati huacha mikrobe hai, na zile zinazobaki zinaweza kuizoea dawa.

Tazama mambo yanavyokwenda nyumbani. Baba amepewa vidonge vya siku 14: aina mbili au zaidi za kuua mikrobe, na kimoja cha kupunguza asidi. Siku ya nne moto umezimika, anakula bukari yake vizuri, anasema amepona. Vilivyobaki anampa shemeji ambaye naye analalamika tumbo. Lakini kilichozima moto upesi ni kile kidonge cha asidi! Mikrobe bado ipo. Sasa wagonjwa ni wawili, na hakuna hata mmoja aliyetibiwa.

Ukimaliza dawa, mwulize munganga siku ya kurudi kupimwa. Kipimo cha pumzi au cha choo hufanywa wiki 4 au zaidi baada ya dawa za mikrobe kwisha, na kidonge cha asidi kiwe kimeachwa wiki 2. Ukipima mapema, mikrobe zilizobaki ni chache, kipimo kinaweza kusema hakuna kitu. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hii, maana alama za ugonjwa hukaa katika damu muda mrefu.

Mama, watoto ndio wanaoambukizwa zaidi, humo humo nyumbani. Usimtafunie mtoto chakula. Mikono ioshwe kwa sabuni, baada ya choo na kabla ya kupika.

Na wewe unayemeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo, mwambie munganga. Vidonge hivyo navyo hufanya kidonda, hata pasipo mikrobe.

Ukitapika damu au kitu cheusi kama masimbi ya kahawa, ukienda choo cheusi kinachonata kama lami, au tumbo likakuchoma ghafla na kukauka kama ubao, usingoje mwisho wa kazi. Usile, usinywe kitu. Mwambie mkubwa wako wa kazi saa ile ile, upelekwe hospitali.