SOMO LA KIKUNDI: KAZI ZA BUSTANI YA NYUMBANI KABLA YA MVUA YA VULI



Mwezi wa tisa kwetu Ukambani ni mwezi wa vumbi. Mito imebaki mchanga, mbuzi wanatafuta majani ya miti, na mboga sokoni imepanda bei. Wengi husema, "Saa hii hakuna kazi shambani, tungoje mvua." Hapo ndipo tunakosea. Kazi kubwa ya mvua ya vuli hufanywa kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Fikirieni mama wawili majirani. Mmoja alisia mbegu za sukuma wiki mwisho wa mwezi wa tisa, akazimwagilia kwa maji ya kusuuza vyombo. Mvua ilipofika mwanzo wa Novemba, miche yake ilikuwa tayari, akahamisha wiki hiyo hiyo. Mwenzake alingoja mvua ndipo akaenda dukani kutafuta mbegu. Miche ya sukuma hukaa kwenye nasari wiki 4 hadi 6. Alipofika siku ya kuhamisha, ilikuwa katikati ya Desemba na mvua inakwisha. Mvua ilikuwa ile ile moja. Mmoja alikula mboga, mwingine alinunua.

Tufanye hesabu. Nyumba ikinunua mboga ya shilingi 30 kila siku, hiyo ni shilingi 900 kwa mwezi. Kwa miezi minne ni shilingi 3,600. Je, pesa hiyo si ingesaidia mtoto kwenda shule mwezi wa kwanza?

Tukumbuke pia kwamba mvua haina ahadi. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Halafu mwisho wa 2023 ikaja mvua ya mafuriko, ikabeba udongo na mazao. Kwa hivyo bustani yetu iweze kushika maji yakiwa kidogo, na kuyapitisha yakiwa mengi.

Sasa tuangalie kazi zenyewe.

1. PIMA MBEGU

Kama uliweka mbegu zako mwenyewe za kunde, maharagwe au mahindi, usizipeleke shambani bila kujua kama ziko hai. Hesabu mbegu 10, zifunge kwa kitambaa chenye unyevu, uweke mahali pa joto ndani ya nyumba. Kitambaa kisikauke. Baada ya siku 5 hadi 7 fungua uhesabu. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 6 au 7, panda ukiongeza mbegu katika kila shimo. Zikiota chini ya 5, tafuta mbegu nyingine mapema. Lakini angalia: mbegu iliyopakwa dawa isiliwe na watu, na kuku wasipewe.

2. TAYARISHA SAMADI

Samadi mbichi huunguza miche. Chukua fimbo, uichome katikati ya rundo la samadi, uiache kwa muda, kisha uichomoe na kuishika. Ikiwa na joto, samadi bado haijaiva. Iliyoiva haina joto, ni nyeusi, na inanukia kama udongo wa msituni. Kama yako bado, igeuze kwa foki jembe, inyunyizie maji kidogo, uifunike kwa nyasi au majani ya migomba. Usiiache juani, kwa maana jua huondoa nguvu yake.

3. CHIMBA MATUTA YALIYOZAMA

Katika sehemu kavu, tuta la kuinuka hukauka haraka. Afadhali tuta la kuzama. Pima upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Urefu ni wewe na nafasi yako. Toa udongo wa juu uweke kando. Legeza udongo wa chini kwa foki jembe bila kuutoa. Kisha rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na samadi, debe moja kwa kila hatua moja ya urefu. Ukimaliza, tuta libaki chini ya ardhi ya kando kwa upana wa kiganja. Udongo uliobaki uweke ukingoni kuzuia maji yasitoke.

Acha mlango mdogo upande wa chini. Mvua ikizidi, fungua maji yatoke polepole. Kama shamba lako ni udongo mweusi unaotuamisha maji, usizamishe. Hapo inua tuta.

Mahali palipokuwa na sukuma au kabeji msimu uliopita, sasa panda kunde au maharagwe. Magonjwa ya sukuma hubaki udongoni yakingoja sukuma nyingine.

4. SIA NASARI

Chagua mahali karibu na nyumba, kuku wasipofika. Chora mistari, kati ya mmoja na mwingine upana wa kiganja. Weka mbegu kidogo kidogo, kina cha sentimita 1, ufunike kwa nyasi kavu. Mwagilia asubuhi na jioni. Mbegu zikichomoza, toa nyasi upesi, utengeneze kivuli juu kwa vijiti. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na kivuli, ili miche izoee jua.

Hamisha jioni au siku ya mawingu. Sukuma ipewe sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu, lakini nyasi zisiguse shina.

5. ANGALIA PAA NA GATA

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mabati yenye mita 5 kwa 6 ina mita 30 za mraba. Ikinyesha milimita 20, paa limepokea lita 600! Hata yakipotea kidogo, hayo ni madebe zaidi ya 25 ambayo hakuna mtu aliyabeba mgongoni. Kwa hivyo panda ngazi sasa, toa majani kwenye gata, ziba matundu, osha tangi au pipa. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, usiiingize kwa tangi. Funika vizuri, mbu wasizalie humo.

6. CHIMBA MASHIMO YA MIEMBE

Kama unataka kupanda mwembe au mchungwa, chimba shimo sasa, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na debe la samadi, urudishe ukiacha bakuli la kupokea maji. Mche wa kuunganishwa upandwe kiungo kikiwa juu ya udongo.

KAZI HII NI YA MWETHYA

Mtu mmoja akichimba peke yake huchoka. Watu 10 wakikutana kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho, kila boma litapata matuta. Anzeni kwa mzee au mjane asiye na mtu wa kumsaidia. Mbegu pia nunueni pamoja, mkagawane.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Vuli iliyopita, ni nani kati yetu alikula mboga yake hadi mwezi wa pili? Alifanya nini?
2. Katika boma lako, maji ya kusuuza vyombo yanamwagwa wapi?
3. Ni kazi gani kati ya hizi 6 tutaanza wiki hii, na kwa nani?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, pamoja na tarehe. Mwezi wa pili mkifungua kitabu, mtaona wenyewe kama somo hili liliwafaa.