Mfuniko Uliopitisha Vumbi

Likizo iliyopita nilikuta Noah ya mjomba inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Kwa wengine hiyo ni habari ya gereji tu. Kwangu mimi ile gari ndiyo kodi ya chumba, maana mjomba anapakia abiria kwenda vijijini na kinachobaki ndicho kinanifikia huku chuoni.

Fundi alichomoa bomba la hewa linaloelekea kwenye injini, akapitisha kidole ndani. Kikatoka na vumbi jekundu, laini kama unga.

"Mpwa wangu, filta si nimebadilisha juzi tu?" mjomba akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye fundi.

Kweli filta ilikuwa mpya. Tatizo lilikuwa mfuniko wa boksi la filta. Ule wa mwanzo ulipasuka, akanunua mwingine dukani, si wa kiwanda kilichotengeneza gari. Klipu zilifunga vizuri, kwa macho umekaa. Kumbe kona moja haikugandamiza raba ya filta.

Mimi nasoma ualimu wa fizikia, kwa hiyo nikapiga hesabu. Injini ya lita 2 hujaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko 2. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, inaweza kuvuta karibu lita 3,000 za hewa kwa dakika. Ndani ya boksi kanieneo inashuka chini kidogo ya ile ya nje, na hewa hufuata njia rahisi. Kwenye filta inapata ukinzani, kwenye mwanya haupati. Filta ikichafuka ukinzani unaongezeka, na mwanya unavutwa zaidi. Lile vumbi lina chembe za mchanga ngumu zinazokwangua ringi na kuta za silinda. Ndiyo maana oili ikaanza kupita.

Sasa, mwenzangu, ukikutana na mfuniko wa namna hii fanya hivi.

Kwanza, jua mwanya uko upande gani. Ukiwa kabla ya filta, hewa bado itachujwa. Ukiwa baada ya filta, au ukingoni pale filta inapobanwa, vumbi linaingia moja kwa moja. Huo usiuache hata siku moja.

Pili, pima. Paka unga wa chaki kwenye ukingo wa raba ya filta, funga mfuniko na klipu zote, kisha fungua. Pale chaki ilipochapa kwenye mfuniko panagusa. Pasipochapa pana mwanya. Wetu uliacha wazi urefu wa kidole cha shahada.

Tatu, ziba. Kama gari lina sensa ya hewa kwenye mfuniko, itoe kwanza. Safisha ukingo wa mfuniko, ukwangue kidogo kwa msasa ili gundi ishike, futa kwa spiriti uache ukauke. Paka silikoni ya injini, ile iliyoandikwa kuwa haidhuru sensa. Funika raba ya filta kwa nailoni nyembamba, kisha funga mfuniko taratibu. Silikoni itachukua umbo la mwanya bila kugandana na filta. Acha saa 24, fungua, toa nailoni, kata mabaki yaliyoingia ndani. Kipande kikibanduka kitavutwa kuelekea injini, kwa hiyo kivute kwa kidole uone kama kimeshika kweli.

Usitumie sponji ya godoro. Ina vitundu vinavyopitisha hewa, na ikizeeka inamomonyoka.

Nne, rudia chaki. Ikichapa mduara mzima, umemaliza. Na kama mfuniko umepinda kiasi kwamba klipu zinafunga kwa kulazimishwa, usihangaike na gundi. Tafuta mfuniko mtumba wa gari lenyewe.

Sisi tulijua haya tukiwa tumechelewa. Ringi zilibadilishwa kwa hela ya chumba changu, na muhula huu nalala kwa rafiki, godoro chini. Sina kinyongo na mjomba. Alifanya kile ambacho wengi tunafanya: alibadilisha filta kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo inayouzwa. Hakuna aliyemwambia kwamba filta huchuja ile hewa inayopita ndani yake tu.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, mada ya kanieneo nitaianza na boksi bovu na kipande cha chaki. Chaki haikosekani shuleni, na huenda darasani yumo mtoto ambaye ada yake iko juu ya gari la mtu.